Siku tatu ndani ya maji: vijidudu vinavyosafisha mihogo yetu

Nyuma ya nyumba nyingi kwetu kuna pipa. Pengine ni pipa la plastiki lililokatwa juu, pengine ni bidoni kuukuu, na kule vijijini ni shimo dogo lililochimbwa kando ya mto. Ndani yake mna mihogo iliyomenywa na kufunikwa maji, na juu ya maji kuna povu. Mtoto akipita hushika pua. Mama mwenye nyumba akija hashiki pua. Hutumbukiza mkono, huchukua muhogo mmoja na kuubonyeza kwa kidole gumba. Kidole kikizama, husema imeiva. Kisipozama, hufunika tena na kurudi kesho.

Tulimuuliza mama mmoja wa kikundi chetu cha maombi ni nani aliyemfundisha hivyo. Akasema ni mama yake, naye alifundishwa na mama yake. Tukauliza tena: na kwa nini siku tatu, si moja? Akacheka. "Kwani ninyi mnataka kula sumu?"

Jibu ni sahihi, ila ndani yake mna habari ndefu ambayo wengi wetu hatukufundishwa shuleni. Tunaiandika leo kwa sababu katika miaka hii ya kukimbia na kurudi, kitu ambacho familia nyingi hupunguza kwanza ni hizo siku za pipa. Njaa haingoji. Lakini kazi inayofanyika ndani ya maji yale ina mwendo wake, na anayeikata katikati anaweza kulipa kwa miguu ya mtoto wake.

Tuanze na muhogo wenyewe. Mmea hauwezi kukimbia adui, basi hujilinda kwa sumu. Ndani ya seli za mzizi kuna kitu kinachoitwa linamarini. Kikiwa peke yake kimetulia. Katika kuta za seli hizohizo kuna kimeng'enya kinachoitwa linamarasi. Vitu hivi viwili vimetengwa, kama majirani wawili wenye ukuta katikati yao. Panya au mdudu akitafuna mzizi, ukuta unabomoka, majirani wanakutana, na katika kukutana kwao sianidi hutoka.

Muhogo mtamu una linamarini kidogo, ndiyo maana tunauchemsha tu na kuula na chai. Muhogo mchungu ni habari nyingine. Mzizi wake mbichi unaweza kuwa na zaidi ya miligramu 100 za sianidi kwa kilo moja, wakati kiwango kilichowekwa na Codex, tume ya pamoja ya FAO na WHO, kwa unga wa muhogo ni miligramu 10 kwa kilo. Mtu atauliza, basi kwa nini tunaupanda? Wakulima wana sababu zao nzuri. Wanyama waharibifu hawaukimbilii, mwizi hawezi kuung'oa na kuutafuna njiani, na unaweza kukaa ardhini muda mrefu ukimngoja mwenyewe. Kwa watu ambao wakati wowote wanaweza kuacha shamba na kukimbia, hilo si jambo dogo.

Wengine hufikiri moto utamaliza sumu. Hapo ndipo kosa lilipo. Ukiuchemsha muhogo mchungu ukiwa mzima, moto unaua kimeng'enya kabla hakijakutana na linamarini. Linamarini inabaki, tunaimeza, na baadhi ya bakteria wanaoishi katika matumbo yetu wanaweza kuifungua na kuitoa sianidi mwilini. Kwa hiyo kuta za seli lazima zibomolewe kwanza, polepole, kimeng'enya kingali hai. Nani atabomoa kuta za mzizi mgumu namna ile bila kisu wala kinu?

Hapa ndipo vijidudu vinapoingia.

Siku ya kwanza wageni ni wengi na hawana mpango. Wamekuja na udongo ulioshika ngozi ya muhogo, na maji ya mto, na mikono ya aliyemenya, na kuta za pipa. Wote wanakuta sukari inayotoka kwenye mzizi, na wote wanaanza kula. Katika kula wanatumia oksijeni iliyomo ndani ya maji. Kabla siku haijaisha oksijeni imekwisha karibu yote, na wale wasioweza kuishi bila hewa wananyamaza. Hakuna aliyewafukuza. Wao wenyewe wameimaliza.

Nafasi yao inachukuliwa na bakteria wasiohitaji hewa. Wakubwa kati yao ni wale wa asidi ya laktiki, ndugu wa wale wanaogandisha maziwa. Wataalamu wanawaita kwa majina kama Lactococcus na Leuconostoc. Wanakula sukari na kutoa asidi, na maji yanakuwa makali. Kwa kipimo cha pH, ambamo maji safi yako karibu na 7, pipa linashuka hadi karibu 4 na nusu. Ukali huo unawazuia wengi wa vijidudu vinavyoleta kuhara. Ndiyo maana mihogo iliyokaa katika maji yanayonuka siku nne haituui, wakati nyama iliyokaa vivyo hivyo ingetupeleka hospitali.

Lakini mzizi bado mgumu. Seli za muhogo zimeshikamanishwa kwa kitu kama simenti, kinachoitwa pektini. Watafiti wa Ufaransa na wa Kongo-Brazzaville waliochunguza mapipa haya na kuchapisha kazi yao mwaka 1996 waliona kwamba simenti hiyo huvunjwa kwa ushirikiano: kimeng'enya cha muhogo wenyewe huanza kuilegeza, kisha vimeng'enya vinavyotolewa na bakteria huikata vipandevipande. Mzizi unalainika, kuta zinafunguka, na sasa linamarini na linamarasi vinakutana kila mahali, si pale tu alipotafuna panya. Kisha inafika ile harufu ambayo kila mmoja wetu anaijua. Sehemu kubwa yake ni asidi ya butiriki, ileile inayonuka katika siagi iliyoharibika, nayo ni kazi ya bakteria wa jamii ya Clostridium ambao hewa ni adui yao. Wasingeweza kukanyaga hapo siku ya kwanza. Waliotangulia ndio waliowaandalia mahali.

Tunaomba msomaji asipite haraka hapa. Ndani ya pipa hamna chifu. Hakuna anayegawa kazi. Kila kundi linafanya linalojua, na katika kulifanya linabadilisha mahali pale mpaka panamfaa mwingine, na mara nyingi hapalifai tena lenyewe. Uchafu wa huyu ni chakula cha yule. Ndiyo maana huwezi kuruka hatua. Huwezi kuwaita wa siku ya tatu waje siku ya kwanza, kama vile huwezi kupaua nyumba ambayo haijasimamishwa kuta.

Na ndiyo maana pia kidole cha mama ni kipimo bora kuliko kalenda. Vijidudu hupenda joto. Katika joto la Uvira kazi inakwenda mbio. Katika miinuko yetu yenye baridi, kazi ileile inachelewa, na siku tatu za bondeni zinaweza kuwa nne au tano mlimani. Aliyehamia mlimani na hesabu ya bondeni anaweza kutoa mihogo mapema akidhani ametimiza desturi. Muhogo ukikatika kwa vidole na nyuzi za katikati zikichomoka zenyewe, jamii ile imemaliza kazi. Kabla ya hapo, bado.

Je, vijidudu vinakula sumu yenyewe? Baadhi ya bakteria na hamira za asili wana vimeng'enya vyao vya kuifungua linamarini, lakini kazi yao kubwa zaidi ni kufungua milango. Linamarini ikishafunguliwa, sehemu inayeyuka ndani ya maji, ambayo tunayamwaga. Nyingine inatoka kama hewa, kwa maana sianidi huchemka kwenye joto la nyuzi 26 tu. Ndiyo maana kuanika juani si kwa ajili ya kukausha peke yake. Kuna hatua ya katikati ambayo ndani ya maji makali inakwama bila kuvunjika, na ni jua na moto wa sufuria vinavyoimalizia. Mihogo iliyolowekwa vizuri siku tatu hadi tano, ikaanikwa, huwa imetoa zaidi ya sehemu tisa katika kumi za sumu yake.

Tena kuna siri nyingine ya akina mama. Pipa la zamani hufanya kazi haraka kuliko pipa jipya. Ukipitisha kidole kwenye ukuta wake utagusa utelezi. Ule utelezi ni mji. Bakteria wakikuta mahali pa kushika hutoa gundi, hujijengea utando, na ndani ya utando huo huishi kwa matabaka, wanaopenda hewa juu na wanaoichukia chini, huku wakipeana taarifa kwa kemikali. Maji yakimwagwa, mji unabaki. Mihogo mipya ikiingia, wafanyakazi wako tayari. Wengine huacha kopo moja la maji ya zamani na kuyatia katika maji mapya, ni jambo lilelile. Wasomaji wa Biblia wanaijua njia hii kwa jina la chachu: donge la jana linalofufua unga wa leo.

Tuseme hili kwa ufupi ili lisieleweke vibaya: utelezi huohuo ndani ya bidoni ya maji ya kunywa si rafiki. Pale hakuna asidi ya kuwazuia wabaya, na utando unaweza kuwaficha vijidudu vya magonjwa hata dawa ya klorini isiwafikie vizuri. Bidoni ya maji ya kunywa isuguliwe ndani kwa changarawe na sabuni. Pipa la mihogo liwe la mihogo tu.

Sasa tufike kwenye jambo lililotufanya tuandike.

Mwaka 1938 daktari Giovanni Trolli alieleza ugonjwa alioukuta Kwango, upande wa magharibi wa nchi yetu. Wayaka wa huko waliuita konzo, maana yake miguu iliyofungwa. Mtu mzima kabisa, mara nyingi mtoto au mama mwenye umri wa kuzaa, anashtuka miguu yake miwili imekakamaa. Hakuna homa ndefu, hakuna kidonda. Anatembea kwa vidole vya miguu, magoti yakigongana, au kwa fimbo, au hatembei tena. Ugonjwa hauzidi baada ya hapo, lakini hauondoki.

Kwa miaka mingi sababu haikueleweka. Mwaka 1981, katika jimbo la Nampula huko Msumbiji, ukame uliua mazao mengine na kuacha muhogo mchungu, na zaidi ya watu 1,000 walipooza miguu. Kati ya madaktari waliokuwapo alikuwa kijana wa Sweden, Hans Rosling. Baadaye yeye na mwenzake Thorkild Tylleskär, pamoja na daktari wetu Mkongomani Banea Mayambu, walifuatilia konzo katika Bandundu. Walichokikuta kinaumiza moyo. Barabara nzuri ya kwenda Kinshasa ilikuwa imefunguliwa. Malori yalikuja, wanunuzi walitaka mihogo mingi na upesi, na kwa mara ya kwanza vijiji vilipata fedha taslimu. Basi, ili kuwahi lori, watu walipunguza usiku wa kuloweka kutoka tatu hadi mmoja. Unga ulikuwa mweupe na mzuri kwa macho. Familia ziliuza mwingi na kula uliobaki, na kwa kuwa vyakula vingine vilikuwa haba, walikula huohuo karibu kila siku.

Hatuwezi kuwaita wajinga. Walijua desturi kuliko sisi. Walichokosa ni mtu wa kuwaambia kwamba zile siku tatu si mapendeleo ya wazee bali ni muda wa kazi, na kwamba usiku wa kwanza peke yake humaliza hewa ya maji tu na kuleta ukali kidogo. Wabomoaji wa kuta hawajamaliza.

Msomaji wa Kivu asiseme hayo ni ya Bandundu. Mwaka 2011 ilichapishwa taarifa ya kisayansi kuhusu kuonekana kwa konzo Kivu Kusini, na waandishi wake waliuhusisha na vita. Inaeleweka. Mtu anayelala porini haachi pipa likisubiri. Anang'oa mihogo usiku katika shamba ambalo huenda si lake, hajui ni mchungu au mtamu, anaikata vipande, anaianika siku moja, anasaga. Na pamoja na hayo amepoteza mbuzi, kuku na maharage. Hilo la mwisho lina uzito wake, kwa sababu mwili una njia ya kuivunja sianidi kidogokidogo, lakini njia hiyo inahitaji salfa inayopatikana katika protini. Konzo huwapata wale ambao sumu imezidi na protini imepungua kwa majuma mengi mfululizo. Konzi ya sambaza au ndagala, au sahani ya maharage pembeni ya ugali, ni kinga ya kweli, si mapambo ya meza.

Kuna jambo la aibu ambalo tumelisikia hata katika mazungumzo ya waumini. Mtoto aliyelala mzima na kuamka amekakamaa, watu hutafuta mchawi. Mara nyingi kidole huelekezwa kwa bibi au mke wa pili. Tunasema wazi: tuangalie kwanza unga. Na tusiuchanganye na polio. Mguu wa polio hulegea na kukonda, na mara nyingi ni mmoja. Miguu ya konzo ni miwili na ni migumu kama mti. Katika hali zote mbili mtoto apelekwe kituo cha afya upesi, na wakionekana wawili katika mtaa mmoja, kituo kiambiwe, maana nyumba za jirani zinakula mihogo ileile.

Na asiye na siku tatu afanyeje? Kuna njia moja ambayo mtaalamu Howard Bradbury wa Australia aliipendekeza, na ambayo timu ya Banea Mayambu iliipeleka kwa akina mama wa kijiji cha Kay Kalenge, eneo la Popokabaka, kuanzia mwaka 2010. Wakati wa kazi hiyo hapakupatikana mgonjwa mpya wa konzo kijijini. Haihitaji kifaa. Tia unga wa muhogo katika beseni na weka alama mahali unapofikia. Ongeza maji ukikoroga. Unga utashuka kwanza, kisha utapanda tena. Ukifika kwenye ile alama, acha. Utandaze juu ya mkeka, safu nyembamba isiyozidi sentimita moja, uache saa mbili juani au saa tano kivulini. Kisha upike ugali siku hiyohiyo. Kinachotokea ni kwamba kimeng'enya kilichosalia katika unga kinapata maji, kinakutana na linamarini iliyosalia, na sianidi inaondoka na upepo. Haichukui nafasi ya pipa. Inasaidia pale ambapo pipa halikupata muda wake.

Wako pia wasioloweka kabisa bali huvundika: hurundika mihogo iliyomenywa, huifunika kwa majani, na kuiacha iote kuvu siku kadhaa kabla ya kuikwangua na kuianika. Majirani wetu wa Uganda hufanya hivyo sehemu nyingi. Jamii ni nyingine, kuvu badala ya bakteria wa majini, lakini kazi ni ileile ya kulainisha mzizi, nayo ina siku zake.

Yule mama wa kikundi chetu alipokea jirani mpya mwaka huu, familia iliyokimbia na watoto wanne. Walikuwa na ndoo mpya ya plastiki, safi kabisa, na maji ya bomba. Siku ya tatu mihogo yao ilikuwa bado kama kuni, na baba alitaka itolewe ianikwe hivyohivyo kwa kuwa watoto walikuwa wanalia. Mama yetu aliwapelekea sahani ya ugali wake na samaki kidogo ili wasiharakishe. Kisha akachota kopo moja kutoka pipa lake, lile maji yanayonuka, akalimimina katika ndoo yao. Watoto wakashika pua. Siku ya nne, kuelekea jioni, akaenda kubonyeza. Kidole kikazama.